Vitu mia nne na daftari lililoliwa na mchwa

Swali: Assalaam aleikum Maalim. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na tangu mwaka jana nimekabidhiwa funguo za makumbusho yetu madogo hapa Kibokoni, Mombasa: ukumbi, vyumba viwili, na stoo chini ya ngazi. Mzee aliyeyaanzisha ametangulia mbele ya haki, na kila kitu kilikuwa kichwani mwake. Ametuachia daftari moja la shule, nusu yake limeliwa na mchwa. Nimehesabu vitu 412, lakini nikirudia hupata hesabu nyingine. Majuzi alikuja kijana akasema lile kasha la njumu (mapambo yaliyopachikwa kwenye mbao) lililoko ukumbini ni la bibi yake, kwamba aliliazimisha tu, hakulitoa. Sikuwa na la kumjibu. Kamati imepata pesa kidogo, na wenzangu wanataka tununue kompyuta na programu ya makumbusho. Maalim, nianze wapi? Wako, Mtunza Funguo.

Jibu: Wa aleikum salaam, mwanangu. Pole na kazi. Nakujibu kwa urefu kwa sababu barua yako si ya kwanza ya namna hii kunifikia. Nyumba nyingi za makumbusho zilizoanzishwa na mzee mmoja mwenye mapenzi huishia hapo ulipo leo: mzee ameondoka na maelezo, vitu vimebaki vimenyamaza.

Kompyuta isubiri. Waambie wanakamati, kwa adabu, kwamba kompyuta haijui kitu usichokijua wewe. Ukiipa mistari mia nne isemayo “birika la zamani”, “sanduku la zamani”, “picha ya zamani”, itakurudishia mistari ileile, ila imechapwa vizuri. Pesa hizo zina kazi nyingine, nitazitaja. Kwa sasa nunua daftari kubwa la jalada gumu, lililoshonwa kwa uzi. La gundi au la waya kurasa zake hunyofoka. Zipe kurasa zote namba kabla hujaandika neno, ili siku ukurasa ukichanwa ijulikane. Hilo ndilo daftari la mapokezi, na likishajaa litakuwa na thamani kuliko kitu chochote ndani ya nyumba hiyo, kasha la njumu likiwemo.

Daftari la mzee nalo usilitupe, hata kama limebaki vipande. Litandaze juu ya kitambaa cheupe, likague kama wadudu bado wamo, lifute vumbi kwa brashi laini, kisha lipige picha ukurasa kwa ukurasa, hata ule uliobaki herufi tatu. Halafu lipe namba yake mwenyewe na ulihifadhi kama kitu cha makumbusho, maana ndilo shahidi wako wa pekee. Na mchwa hawakushuka kutoka mbinguni. Pita na tochi, fuata zile njia zao za udongo ukutani na nyuma ya boriti, ujue wanaingilia wapi. Hapo ndipo pesa za kamati zianzie: fundi wa mchwa kwanza, kompyuta baadaye.

Sasa hesabu yako ya 412. Inabadilika kwa sababu vitu havina namba, na kitu kisicho na namba huhesabika mara mbili leo na kesho kisihesabike kabisa. Kila kitu ulichokikuta bila karatasi kipe namba yenye herufi K, ya kukutwa: K.1, K.2, K.3, mpaka kiishe cha mwisho. Vitakavyoingia kuanzia leo vipewe namba za kawaida za makumbusho: mwaka, kisha mara ya ngapi kupokea mwaka huo, kisha kitu. Mama mmoja akileta vitu vinne, naye ni wa tatu kuleta mwaka 2026, basi ni 2026.3.1 mpaka 2026.3.4. Ukiona namba tu unajua vililetwa pamoja na vililetwa lini. Namba ikishatumika imetumika. Kitu kikipotea au kikirudishwa, namba yake kisipewe kingine.

Fanyeni kazi hii wawili. Mmoja anashika kitu na kusema anachokiona, mwingine anaandika. Anza rafu moja, ukomee hapo mpaka iishe, na usihamishe kitu chochote kabla hujaandika kilikutwa wapi, kwa sababu mzee hakuviweka ovyo. Vilivyokaa pamoja huenda vilitoka nyumba moja. Mkipata vitu kumi na tano kwa asubuhi moja, mmefanya kazi. Kwa mwendo huo vitu vyako ni Jumamosi ishirini na nane. Usicheke, wallahi. Nimeona walioahidi kumaliza kwa wiki mbili, na mwaka wa kumi hawajamaliza.

Nikuonyeshe ninavyotaka uandike. Chukua dele la kahawa. Katika madaftari mengi utakuta hivi: “Birika la Kiarabu, shaba, zamani.” Mji wa Kale una mabirika mangapi ya namna hiyo? Likiibwa, polisi watatafuta lipi? Mimi ningeandika hivi:

K.37. Dele la kahawa. Shaba ya njano, limefuliwa kwa nyundo. Ndani limepakwa bati, nalo limebanduka karibu na mdomo. Urefu mpaka ncha ya kifuniko sm 31, upana wa tumbo sm 17. Mkono umeshikwa kwa ribiti tatu. Ya chini ni ya chuma, ina kutu, si ya asili. Kifuniko kimefungwa kwa mkufu wa pete saba, ya nne ni waya. Kitako kina masizi. Hakuna alama ya fundi. Mbonyeo mmoja ubavu wa kushoto. Limekutwa ukumbini, rafu ya dirishani, Jumamosi 14 Februari. Daftari la zamani uk. 9: “dele 2, kwa…” (pameliwa).

Unaona? Dele lenyewe limeanza kusema. Masizi ya kitako na ile ribiti ya chuma vinakuonyesha lilikuwa dele la kazi, limekaa juu ya makaa, likaharibika, mtu akalitengeneza kwa alichokuwa nacho. Hilo si pambo la sebuleni. Na sikuandika “karne ya 19”, kwa sababu hakuna aliyenithibitishia. Kukadiria si haramu, lakini kadiria kwa penseli, na useme ni nani aliyekadiria na kwa sababu gani. Kosa lililoandikwa kwa wino kwenye daftari la makumbusho huwa kweli baada ya miaka ishirini.

Kwa kanga, nakili jina lake, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake, herufi kwa herufi, hata kama tahajia ni ya kizamani, na useme limeandikwa kwa hati gani. Maneno ya kanga hapo mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, herufi za Kirumi zikaja baadaye, kwa hiyo hati peke yake ni fununu ya umri. Andika pia maneno madogo ya pindoni, ambayo watu huyaruka. Ukiona “K.H.E. Mali ya Abdulla”, hiyo ni nyumba ya Kaderdina Hajee Essak iliyoanza biashara hapa Mombasa mwaka 1887. Hiyo haikupi mwaka wa kanga, ila inakupa mlango wa kubisha. Na andika kama ni doti, yaani vipande viwili, au kipande kimoja.

Picha za kamera zipige barazani, asubuhi, penye kivuli, juu ya kitambaa cha rangi moja, bila mwako wa kamera (flash). Weka rula na karatasi yenye namba kando ya kitu. Moja ya kitu kizima, nyingine za alama zake za pekee: ule mbonyeo, ile pete ya waya. Simu yako inatosha. Ila ukizituma kwa WhatsApp kama picha za kawaida zitapunguzwa ukubwa na ubora, na utakachohifadhi ni kivuli. Zihamishe kwa waya, au zitume kama faili.

Ukitaka kujua picha moja inaweza kufanya nini, kumbuka habari ya vigango, zile nguzo za kumbukumbu ambazo Wamijikenda huzisimamisha kwa wazee wao waliokufa. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa pamoja na vigango viwili vya ukoo wake. Muda si mrefu viliibwa. Miaka ikapita, vikaonekana katika makumbusho mawili huko Marekani, na ni ile picha iliyoonyesha bila shaka kwamba ni vilevile. Mwaka 2007 vilirudi Kenya. Vigango vingapi vimetoka pwani hii bila ya kupigwa picha, navyo vimesimama pembeni mwa sebule za watu ng’ambo, na hakuna awezaye kusema “hiki ni cha kwetu”?

Kuandika namba juu ya kitu chenyewe ndipo mikono mizuri inapoharibu. Niliwahi kuandika kwa kalamu ya wino nyuma ya picha ya arusi. Nilikandamiza, na mpaka leo bibi arusi yule ana mstari shavuni kama aliyekwaruzwa na paka. Karatasi na picha: penseli laini ya 2B, nyuma, pembeni, juu ya meza ngumu. Nguo: andika namba kwenye utepe mdogo wa pamba, ushone kwa mishono miwili mitatu tu kwenye upindo. Mbao na metali: kuna dawa iitwayo Paraloid B-72, huyeyushwa kwa asetoni, unapaka ukanda mdogo uliofichika, ukikauka unaandika juu yake, na siku ukitaka unaufuta bila ya kukidhuru kitu chenyewe. Rangi ya kucha isikudanganye. Inageuka manjano na kubanduka. Kama huna dawa hiyo, tumia kadi ndogo iliyofungwa kwa uzi wa pamba. Gundi na utepe wa kunata usivikaribie kabisa.

Haya, sasa neno lililokuleta: cha nani?

Watu wetu wanajua vizuri tofauti ya hiba (kutoa moja kwa moja), amana (kuweka kwa mtu akutunzie) na kuazima, wanaijua tangu madrasa. Tatizo ni kwamba wakija makumbusho wanasema neno moja tu, “nimekuleteeni”, nasi tunashukuru, tunawapa sharubati, wanakwenda zao. Kuanzia leo hakuna kitu kinachovuka kizingiti bila ya hati ya makabidhiano ya nakala mbili, yenye jina la aliyeleta, kitu chenyewe, na mstari mmoja ulio wazi: ametoa moja kwa moja, au ameazimisha mpaka tarehe fulani. “Kuazimisha kwa kudumu” likatae. Ni azima isiyo na mwisho. Nyinyi mnagharamia mchwa na lindo, naye mwenyewe hata hajulikani yupo hai. Azima iwe ya mwaka mmoja, isizidi mitatu, na tarehe ikifika mkae tena.

Na uliza swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: kitu hiki ni chako peke yako? Vitu vingi vya maana vinaletwa baada ya matanga. Bibi amefariki, nyumba inasafishwa, mjukuu mmoja mwenye mapenzi anabeba kasha analeta. Lakini kasha lile kwa wakati ule ni mirathi, lina warithi, na mmoja hawezi kutoa fungu la wenzake. Taka saini za warithi wote, au karatasi inayoonyesha mirathi imegawanywa na kasha limemwangukia nani. Kama familia inasema kitu ni wakfu, yaani kimetengwa kwa ajili ya dini au hisani, simama hapo hapo uwaulize wanaohusika na wakfu kabla hujapokea. Utaonekana mgumu. Afadhali uonekane mgumu leo kuliko kuitwa mwizi mbele ya watu baada ya miaka kumi.

Serikali nayo ina lake. Sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kinachohamishika, kisichokuwa kitabu wala hati, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Kukitoa nje ya nchi kunataka kibali. Vilivyofukuliwa ardhini ni habari nyingine: mtu akichimba msingi akakuta vigae na shanga, taarifa iende Makumbusho ya Taifa, na nyinyi mna bahati, ofisi yao iko Fort Jesus, mwendo wa miguu. Tena kuna pembe. Bangili za pembe, viti vilivyotiwa njumu za pembe, masanduku madogo ya ng’amba: kumiliki pembe ya ndovu bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na “ni ya bibi yangu” si kibali. Ukikuta kitu cha namna hiyo katika vyumba vyako usikifiche wala usikirudishe kimyakimya. Kiandike, kisha nenda ukaulize wahusika wa wanyamapori jinsi ya kukisajili, wewe na mwenyekiti wa kamati.

Mvuvi akikuletea mtungi kutoka baharini, usiukaushe! Watu huuosha, huuanika juani, wakafurahi. Baada ya wiki rangi inabanduka vipande vipande, kwa sababu chumvi iliyoingia ndani hugeuka fuwele ikikauka na kuusukuma uso wa chombo. Uache ndani ya ndoo ya maji, upige simu Fort Jesus. Wao wana uzoefu tangu ilipochimbuliwa ile meli ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira.

Karatasi ya makabidhiano haitoshi bila sauti. Aliyeleta akishatia saini, mwombe ruhusa, washa simu, mrekodi dakika tano. Kitu kilikaa chumba gani? Kilinunuliwa kwa nani? Nani alikuwa haruhusiwi kukigusa? Hili la mwisho hutoa maneno kuliko yote. Mashairi ya Muyaka wa Mvita, aliyefariki mnamo 1840, tunayaelewa leo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyaeleza kwa wakati wake, huyu anajibiwa nani na neno hili lina maana gani, na Taylor, mmishonari Mwingereza, akayaandika. Maelezo yale yangekwenda kaburini, tungebaki na beti tamu tusizojua zinamchoma nani.

Andika pia masharti. Picha za arusi za miaka ya sitini na sabini zinawaonyesha akina mama bila buibui, wamepambwa, ndani ya majumba yao. Familia huzitoa kwa nia njema, lakini nia hiyo haimaanishi zitundikwe ukutani watalii wazipige picha, wala ziwekwe mtandaoni. Waulize: ionekane na nani? Jibu liandikwe katika daftari, kwenye mstari uleule wa kitu, si katika karatasi ya pembeni.

Stoo chini ya ngazi inanitisha kidogo. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi, mara nyingi hupita asilimia 75, na ukungu huanza kushika ukipita 65 hivi. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinapumua unyevu wa ardhini. Kwa hiyo kitu kisiegemee ukuta. Acha nafasi ya kupitisha mkono na brashi. Kisikae sakafuni; kiinue kiganja kimoja au zaidi. Usifunge nguo ndani ya mifuko ya nailoni, utazitokosa. Nunua marekani, ile nguo ya pamba isiyopaushwa, ifue kwa maji moto mara mbili itoke wanga wote, ndiyo ya kufunikia na kuviringia. Shoka la zamani, kanzu, msahafu, vyote vinaikubali. Nunua na kipima unyevu cha bei ndogo, kisha kila asubuhi andika namba mbili, joto na unyevu. Baada ya mwaka utajua nyumba yako inapumuaje wakati wa kusi na wakati wa kaskazi. Kazi kubwa ya kupanga ifanye kaskazi, Januari na Februari hewa ikiwa kavu kidogo, usije ukafungua masanduku yote katikati ya masika.

Mkikosa umeme wa uhakika, msitie kiyoyozi. Kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku hukipa kitu homa ya vipindi, na jioni mvuke hujaa juu ya metali. Feni na madirisha yenye wavu vinatosha. Nondo wakiingia kwenye kofia au mkeka, tia kitu ndani ya mfuko, toa hewa, funga, kiweke kwenye friza ya nyumbani ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa usifungue mfuko mpaka siku ya pili. Usifanye hivyo kwa pembe, vioo, picha wala mbao zilizopakwa rangi. Vile vidonge vyeupe vya kabatini si vizuri kwa pafu lako. Ubani pia usifukizwe stoo. Najua, nyumba bila ubani haikaliki, lakini moshi hubaki juu ya nguo kwa utando wa mafuta. Fukiza ukumbini wageni wakija. Na ukiona mtu ameshika ukwaju na majivu anakwenda kulisugua dele ling’ae, mnyang’anye. Kila kung’arisha kunaondoa shaba kidogo, na ile nakshi iliyofifia haitarudi.

Kupanga rafu kuna jambo moja la kwetu ambalo vitabu vya nje havina. Misahafu na vitabu vya dini vikae juu. Aliyekupa msahafu wa babu yake akija akaukuta chini ya viatu vya mitawanda, hatakupa kitu tena, na mtaa wote utajua kabla ya magharibi. Ila juu isiwe rafu ya mwisho chini ya paa linalovuja.

Kwa mengineyo kuna njia iitwayo RE-ORG, iliyotengenezwa na ICCROM, shirika la kimataifa la kuhifadhi turathi lililoko Roma, pamoja na UNESCO kwa ajili ya majumba madogo kama yako. Ina vipimo viwili nilivyovipenda tangu siku ya kwanza: uweze kukipata kitu chochote kwa dakika tatu, na ukifikie bila ya kuhamisha zaidi ya vitu viwili vingine. Ndiyo maana kila rafu inataka anwani. Chumba A, kabati la 3, ubao wa 2: A-3-2. Iandike kwenye rafu yenyewe na katika daftari. Kitu kikitoka, hata kwa saa moja, pale kilipokuwa iwekwe kadi: kimekwenda wapi, nani amekichukua, lini. Tulitafuta kofia ya mkono siku tatu, katika jumba moja nililofanyia kazi, mpaka tukaanza kutazamana vibaya. Ilikuwa kwenye kabati la nyaraka, ndani ya bahasha, imewekwa “kwa muda” na mtu aliyekwishahama.

Ukimaliza Jumamosi zako, hapo kompyuta ije. Usinunue programu. Jedwali la kawaida, mfano wa Excel, lina nafasi ya kutosha kwa vitu mia nne na hata elfu nne: namba, jina la kitu, maelezo, vipimo, hali, kilikotoka, hati ya umiliki, masharti, mahali kilipo, jina la picha. Nakala ziwe tatu, moja ikae nyumba nyingine mbali na hapo, na daftari la wino liendelee vilevile.

Na ujifunze kukataa. Utaletewa cherehani ya sita na redio ya tisa. Kamati ikae iandike ukurasa mmoja tu: tunakusanya nini, cha wapi, cha wakati gani. Kisha sema, “Mama, ahsante sana, tunayo kama hii, lakini nikae nawe unieleze ulivyoshona nayo.” Pokea maneno, cherehani irudi. Vilivyozidi msiviuze kimyakimya wala asivichukue mwanakamati. Aulizwe kwanza aliyetoa, kisha shule au makumbusho mengine, na uamuzi uandikwe.

Kasha, basi. Mwite yule kijana, lakini aje na mkubwa wao, mama au shangazi aliyekulia nyumba hiyo. Usiwaonyeshe kasha kwanza. Waketishe, warekodi kwa idhini yao, waulize lilikaa upande gani, ufunguo wake ulikuwaje, na kishubaka cha ndani kinafunguka vipi, maana makasha mengi ya namna hii yana kidroo kilichofichwa chini ya kishubaka, na aliyecheza nalo utotoni atakuambia ubonyeze wapi. Watafute na majirani wa mzee. Soma tena vipande vya daftari lililoliwa. Maelezo yakikaa sawa, ni lao, usiling’ang’anie. Lipige picha na ulipime, kisha waulize kama wako tayari kuliazimisha kwa hati, mwaka mmoja. Nimeona familia zikikubali papo hapo, kwa sababu walichokitaka ni mtu akiri kwamba kasha lina mwenyewe. Wakitaka kulichukua, walichukue kwa saini za warithi, na namba yake ya K ibaki daftarini na tarehe liliyoondoka.

Halafu hizo funguo zako. Kachonge seti ya pili wiki hii, ikae kwa mwenyekiti ndani ya bahasha iliyotiwa saini juu ya gundi, na nyuma ya mlango uning’inize kijidaftari: nani amefungua, saa ngapi, amefunga saa ngapi. Wewe mwenyewe uanze kujiandika.